Mgeni wa Nyuma ya Kochi

Masomo ya juma: Matendo ya Mitume 9:26–30 na 11:22–26



Kadi iliyofungwa kwenye kizimba chake ilikuwa na maneno machache: dume, amehasiwa, amechanjwa, mwoga, hapendi kushikwa. Jina, Biscuit. Hayo ndiyo yaliyojulikana juu ya sungura huyu katika kituo cha kuokoa wanyama kilicho karibu nasi hapa Uingereza. Watu waliofika kutafuta sungura waliisoma kadi, wakachungulia, wakasogea kizimba cha pili. Siwalaumu. Walichokiona ni mgongo wa kahawia uliojibana kwenye kona, masikio yamelala, macho yamekodolewa, hatikisiki.

Vituo vya hapa vina desturi moja ninayoipenda sana. Mnyama anayeshindwa kujionyesha kizimbani hupelekwa katika nyumba ya kawaida akalelewe kwa muda, mpaka apatikane mtu wa kumchukua moja kwa moja. Mlezi hammiliki. Anapewa kazi mbili, kumtunza na kumjua, na hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya niandike juma hili. Kituo kinataka kuambiwa anapenda nini na anaogopa nini, akifurahi anafanyaje, akikasirika je, na nyumba ya namna gani itamfaa. Wanaofanya kazi pale wanajua jambo ambalo sisi kanisani tunalisahau mara nyingi: tabia ya kiumbe haionekani mpaka awe salama.

Biscuit yuko kwetu tangu majira ya baridi, na bado anasubiri.

Alipofika alikimbilia nyuma ya kochi, na pale akakaa. Chakula alikula sisi tukiwa tumelala. Mwanetu mdogo alihuzunika, kwa sababu yeye sungura anamjua kutoka kwa bibi yake kule Rungwe, kwa njia ya simu. Sungura wa Bibi humdanganya Fisi, humpumbaza Simba, hunywa maji ya kisima alichokataa kukichimba na kuondoka akicheka. Huyu wa kwetu alitetemeka hata kijiko kilipoanguka. “Baba,” akaniambia, “huyu siye Sungura wa Bibi.”

Kwa kweli si yeye. Sungura wa porini kwetu huzaa watoto wenye manyoya na macho yaliyofunguka, juu ya ardhi, nao hukimbia mapema. Huyu wa kufugwa asili yake ni Hispania na Ureno. Huchimba mashimo, na watoto wake huzaliwa uchi, vipofu, gizani. Lakini wote wawili huwindwa, na ukitaka kumwelewa Biscuit anzia hapo. Macho yake yako pembeni mwa kichwa ili aone karibu pande zote, hata juu, maana mwewe hutoka juu. Mkono wa mtu mwema unaomshukia kutoka juu, kwa macho yake, hauna tofauti na kucha za mwewe. Akiinuliwa, miguu ikaiacha ardhi, mwili wake unaelewa kwamba ameshakamatwa. Hupiga teke kwa nguvu zote, na kwa kuwa mifupa yake ni myepesi na misuli ya miguu ya nyuma ina nguvu sana, anaweza kujivunja uti wa mgongo mikononi mwa mtu anayempenda. “Hapendi kushikwa,” kadi ilisema. Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa kweli ya sungura wengi, na haikueleza chochote juu ya huyu.

Tena anayewindwa huficha maumivu. Sungura mgonjwa hujikaza aonekane mzima, kwa sababu porini anayechechemea ndiye anayeliwa kwanza. Tumbo lake halipaswi kusimama. Asipokula kwa nusu siku, hiyo ni dharura ya kumpeleka kwa daktari wa wanyama bila kungoja kesho. Ndiyo maana mke wangu kila asubuhi alikuwa akikagua trei ya choo kabla ya kuchemsha chai. Mavi mengi, makavu, ya duara, yalikuwa habari njema katika nyumba yetu. Wapo waliocheka tulipowaeleza. Lakini aliyewahi kuuguza mtu asiyeweza kusema anajua kwamba upendo hukagua vitu vya namna hiyo.

Ushauri tuliopewa ulikuwa mmoja: msimfuate, kaeni sakafuni. Binti yetu mkubwa ndiye aliyeutii vizuri kuliko sote. Jioni alilala kifudifudi kwenye zulia na vitabu vyake vya shule, akafanya hesabu zake, hakumtazama wala hakumwita. Jioni nyingi zilipita hivyo. Kisha tukaanza kuona pua, pua tu, kando ya kochi. Kisha kichwa. Halafu usiku mmoja alitoka, akanyoosha mwili wote huku miguu ya nyuma ikibaki tayari kukimbia, akagusa unyayo wa binti yetu kwa pua, akarudi mbio. Binti hakugeuka. Aliniambia baadaye kwamba alijikaza asicheke mpaka machozi yakamtoka.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Siku moja, alfajiri, alikimbia kutoka mwisho wa sebule hadi mwisho mwingine, akaruka juu, akajipinda hewani kichwa huku na miguu kule, akatua, akaruka tena. Sungura akifanya hivyo amefurahi. Hakuna sababu nyingine. Mke wangu aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe chake alisema kwa sauti ya chini, “Kumbe ndiye huyu.”

Sasa niwaeleze huyu aliyekuwa nyuma ya kochi ni nani, maana ndiyo kazi tuliyopewa.

Ni mwenye haraka. Sungura huchangamka alfajiri na jioni, na anga likianza kupambazuka Biscuit anataka kula. Bakuli lake ni la bati. Huliuma ukingoni, huliinua, huliachia. Akiona kimya, analirudia. Tukiendelea kulala hulivuta hadi mlangoni pa chumba chetu na kulitupa hapo. Bibi yao, aliyeusikia mlio huo kwenye simu, alituuliza ni nani anayepiga debe nyumbani alfajiri yote hii.

Anachagua chakula. Wengi tunadhani sungura anaishi kwa karoti, lakini karoti ina sukari nyingi na hupewa kipande kidogo tu, mara chache. Chakula chake hasa ni nyasi kavu, rundo kubwa kama mwili wake kila siku, kwa ajili ya tumbo na kwa ajili ya meno, kwani meno yake hayaachi kukua maisha yake yote na lazima yasagwe kwa kutafuna. Juu ya nyasi hizo huongezewa majani. Ya sukuma wiki huyala na kuyaacha mashina yamepangwa kando. Giligilani anaipenda kupita kiasi. Mlango wa friji ukifunguliwa anafika jikoni kabla haujafungwa, na anajua tofauti kati ya friji na kabati.

Anapenda kupanga nyumba. Kandambili hazikai mlangoni. Huzivuta moja moja kwa meno hadi katikati ya zulia, na anachagua: za mke wangu hazigusi, zangu anazivuta, za mwanetu wa kiume anazitafuna. Chini ya kidevu chake kuna tezi zenye harufu ambayo sisi hatuisikii, na chochote anachokisugua kwa kidevu amekwisha kukiandikisha kuwa chake. Ameandikisha miguu ya meza, mabegi ya shule, kasha la gitaa, pindo la kanga, na kiatu cha mzee wa kanisa aliyekuja kwa kikao. Mzee wetu alikaa kimya, mguu hautikisiki, mpaka kazi ilipokwisha, na nilimheshimu zaidi siku ile.

Akichukia, husema. Kelele asiyoifahamu hujibiwa kwa kishindo cha mguu wa nyuma. Porini hiyo ndiyo kengele ya hatari kwa wenzake walio chini ya ardhi, na kwetu hupigwa kila mashine ya kufulia inapoanza kuzungusha. Tukimkata kucha hutupa kisogo. Anakwenda hatua chache, anageuka, anakaa akituonyesha mgongo, na anapoondoka huirusha miguu ya nyuma mmoja mmoja, kama Paulo na Barnaba wakikung'uta mavumbi walipotoka Antiokia ya Pisidia. Hasira haidumu. Jani moja la giligilani na tumesamehewa.

Siku moja alijitupa ubavu ghafla, pu, miguu imenyooka, macho nusu yamefumba. Mwanetu mdogo alilia akidhani amekufa. Alikuwa amelala. Mnyama anayewindwa halali ubavu, tumbo wazi, mahali asipopaamini, na tangu siku hiyo nikimkuta amelala hivyo napita kwa kunyata. Ukimpapasa paji la uso husaga meno taratibu, sauti ndogo sana, na hiyo ni furaha. Akisaga kwa nguvu na amejikunyata, hayo ni maumivu. Ilitubidi tujifunze kusikiliza tofauti hiyo.

Na ule ujanja? Nyuma ya televisheni kuna nyaya, na nyaya ni hatari kwa mwenye meno kama yake, kwa hiyo tuliweka uzio wa waya wenye ndoano. Haikuchukua muda akaichunguza ndoano, akaijaribu kwa pua, akaijaribu kwa meno, akaenda zake. Tulipokuwa mezani tukasikia tiki. Ndoano imeinuka, mlango uko wazi, naye ameketi ndani akijisafisha uso kwa mikono miwili. Mwanetu aliruka kutoka kitini. “Baba, ni yeye! Ndiye Sungura wa Bibi!”

Jambo moja katika yote haya limenigusa zaidi kama mchungaji. Sala ya jioni nyumbani kwetu tunapiga magoti, na kila tunapopiga magoti Biscuit huja. Mchana anaweza kumpita kila mtu. Wakati wa sala huzunguka kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, akisukuma magoti kwa pua, kisha huinamisha kichwa sakafuni mbele ya mmoja wetu na kungoja apapaswe. Sidhani anajua tunazungumza na nani. Anajua tu kwamba huo ndio wakati ambao sote tumeshuka kufikia kimo chake. Nimesoma Wafilipi sura ya pili kwa miaka mingi, habari ya yule ambaye hakung'ang'ania kuwa sawa na Mungu, akajishusha, akaonekana ana umbo kama la mwanadamu. Nimeihubiri. Sasa naisoma nikiwa na picha ya binti yangu amelala kwenye zulia, hamtazami mwoga, anangoja.

Simlinganishi mtu na mnyama, wapendwa. Mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Lakini Mithali sura ya 30 inatutuma kwa chungu, wibari, nzige na mjusi tukajifunze hekima, na mimi nimetumwa kwa sungura. Kutoka hapo nimerudi kwa Barnaba.

Sauli alipofika Yerusalemu baada ya kuongoka alijaribu kujiunga na wanafunzi, nao wote wakamwogopa. Kadi yake ilikuwa imekwisha kuandikwa: mtesaji. Nayo haikuwa ya uongo. Alikuwa amesimama pale Stefano alipopigwa mawe. Barnaba akamchukua. Luka anasema tu kwamba alimchukua, akampeleka kwa mitume, akawaeleza jinsi Sauli alivyomwona Bwana njiani na jinsi alivyohubiri Dameski. Kueleza habari za mtu mwingine kwa namna hiyo kunataka uwe umekaa naye. Kabla Barnaba hajasimama mbele ya mitume, lazima kulikuwa na saa za kusikiliza mahali fulani, kwenye chumba fulani, Sauli akisema naye akiwa kimya.

Halafu maisha ya Sauli yalipotishiwa ndugu wakampeleka Tarso, na kwa muda kitabu hakimtaji. Kazi ya Antiokia ilipokua, Barnaba alifunga safari kwenda Tarso kumtafuta. Alipomwona akamleta, wakakaa na kanisa mwaka mzima wakifundisha. Mwaka mzima! Tazameni pia jinsi majina yanavyopangwa. Mwanzoni Luka anaandika Barnaba na Sauli. Baada ya Kipro mara nyingi anaandika Paulo na Barnaba. Mgeni aliyepokelewa ametangulia mbele ya mwenyeji wake, na hakuna mahali ambapo Barnaba analalamika. Baadaye alimchukua Marko, ambaye Paulo mwenyewe alikuwa amemwandikia kadi: aliyetuacha njiani. Waligombana hata wakaachana kwa sababu ya kijana huyo. Mwishowe Paulo akiwa kifungoni aliandika aletewe Marko, maana anamfaa kwa utumishi. Mtu alikuwa amekaa na Marko sakafuni katika miaka ile ya katikati, na tunamjua ni nani.

Katika ushirika wetu wa Waswahili hapa ugenini wako wengi wanaosubiri. Wako wanaosubiri barua ya serikali kuhusu hifadhi yao. Wako waliofiwa na mwenzi na hawajui nyumba inakaliwaje na mtu mmoja. Wako vijana waliokulia mikononi mwa walezi wengi, wamehamishwa nyumba hata hawafungui begi lote. Huja, hukaa karibu na mlango, huondoka kabla ya chai. Na sisi tumewaandikia kadi. Huyu hachangamani. Yule ana kiburi. Huyu mkimya mno, sijui ana nini. Tumeandika tabia ya mtu kutokana na siku zake za hofu, na kadi hiyo tunapokezana kama ushuhuda.

Na wakati mwingine ukarimu wetu wenyewe ndio mkono unaotoka juu. Sisi ni watu wa salamu ndefu. Habari za nyumbani, umetokea wapi, una watoto wangapi, baba yao yuko wapi, makaratasi yako yamefikia wapi? Kwetu huo ni upendo. Lakini yupo ambaye maswali hayohayo ameulizwa na maofisa nyuma ya meza, akiandikwa kila neno, na maisha yake yakitegemea kwamba jibu la leo lilingane na la mwaka jana. Anapoulizwa tena kanisani, mwili wake unajua kitu kimoja tu, kukimbia. Kuna mama aliyekaa kiti cha mlangoni kwa muda mrefu hata watu wakaanza kusema hapendi ushirika. Dada mmoja wa kwaya aliacha kumwalika. Akawa anakuja kukaa kiti cha pembeni, anamsalimu, “Shikamoo mama,” anafungua kitabu cha tenzi katikati yao wawili, basi. Leo mama huyo ndiye anayetuanzishia pambio, na wengi wenu mmeniambia hamkujua ana sauti ile. Alikuwa nayo alipokuwa mlangoni.

Wapo watakaosema, mchungaji, watu wanalala bila amani na wewe unatuletea habari za sungura. Nawajibu kwa historia ya nchi hii hii. Mwaka 1824 kasisi wa Kianglikana wa mashariki mwa London, Arthur Broome, aliitisha mkutano katika nyumba ya kahawa wa kuanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Waliohudhuria ni pamoja na William Wilberforce na Thomas Fowell Buxton, watu waliopigana na biashara ya utumwa na utumwa wenyewe. Hawakuona kwamba huruma kwa farasi anayepigwa barabarani ingewapunguzia huruma kwa mwanadamu aliyefungwa minyororo. Broome aliacha kazi ya parokia aitumikie kazi hiyo, na mwaka 1826 alifungwa gerezani kwa madeni ya chama. Waliosaidia kuyalipa ni Richard Martin, mbunge, na Lewis Gompertz, Myahudi. Chama hicho ndicho kinachojulikana leo kama RSPCA. Nathani naye alipotaka kumwamsha mfalme aliyelala katika dhambi yake alimsimulia habari za kondoo mmoja mdogo, aliyekula chakula cha maskini na kunywea kikombe chake. Daudi akawaka hasira kwa ajili ya kondoo yule, na kwa mlango huo ukweli ukaingia.

Mama yangu, bibi ya watoto hawa, aliniuliza mwanzoni kwa nia njema kabisa, “Mwanangu, huyo mnamchinja lini?” Kwetu sungura ni kitoweo, na nyumba nyingi zimelipa ada za shule kwa kuwafuga. Nikamjibu, “Mama, huyu ni mgeni. Tunamtunza mpaka apate kwake.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema mgeni ni siku mbili, ya tatu tumpe jembe. Nilimwonyesha kwenye simu jinsi Biscuit alivyofukua pembe ya zulia, jembe alikwisha kujipa. Alicheka sana. Tangu hapo kila akipiga, baada ya kuuliza hali za wajukuu, huuliza, “Na mgeni hajambo?”

Mgeni hajambo, na wameanza kuja kumwona. Kabla ya Pasaka kuna waliomtaka awe zawadi ya mtoto asubuhi ya sikukuu, na kituo kikakataa. Nakiunga mkono. Hapa Uingereza, na Marekani pia, sungura hununuliwa wakati wa Pasaka kwa sababu ya picha za kwenye kadi na chokoleti, kisha furaha ikiisha hutelekezwa, wakati sungura anayetunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 12. Pasaka ni sikukuu yetu. Haifai kiumbe cha Mungu kitupwe kwa jina lake.

Sasa kuna mama mmoja ambaye sungura wake jike amefiwa na mwenzake. Sungura hawapendi upweke; aliyeachwa peke yake mara nyingi hupoa, huacha kucheza, wengine hata chakula hukipunguza. Mama huyo atakuja Jumamosi. Wawili hao wakikutana watakutanishwa mahali ambapo hakuna kati yao aliyepasugua kidevu, taratibu, kwa majuma. Binti yetu ndiye aliyeandika maelezo mapya. Yamejaa ukurasa mzima, na mstari wa kwanza unasema: anakuja ukikaa chini.

Aliniuliza jana kama Biscuit atatusahau. Nilimwambia kwamba hata akitusahau, ile hofu aliyokuja nayo haondoki nayo. Akalia kidogo, akaenda kukata giligilani. Sikumkataza kulia. Anayelea kwa muda anapenda kwa moyo wote kitu ambacho ameahidi kukitoa, na kulia ni sehemu ya ahadi hiyo. Wako kati yenu wanaolea watoto wa watu kwa namna hii, katika nyumba zenu, kwa niaba ya serikali za mitaa. Mnapokea mtoto usiku na mfuko mmoja wa nguo, mnamjua polepole, na siku ya kwenda kwake mnampangia nguo nyingi kuliko alizokuja nazo. Kanisa halijawasimamia vya kutosha. Jumapili hii tutawaombea kwa majina, kwa idhini yenu.

Nawaomba basi, ndugu zangu. Aliye na chumba na moyo, na ambaye amewahi kufikiria kumpokea mtoto anayehitaji ulezi, azungumze na mama mchungaji. Yapo maswali mengi na kuna wenzetu waliopitia njia hiyo walio tayari kuyajibu. Wengine wote, Jumapili baada ya ibada chai itakuwapo ukumbini kama kawaida. Msikimbilie meza za mnaowajua. Chukueni vikombe vyenu mkakae kwenye viti vya karibu na mlango, salimuni, na maswali myaache mpaka mwenye kiti hicho aanze kuuliza yeye.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote.